Unga Unaoshika Maji

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kanisani. Msimamizi wa sehemu ya kuoshea, mwanajeshi mstaafu tuliyemwita Afande Okiror, alinitazama miguu kabla ya uso.

"Mama, hapa hakuna harusi. Ingia stoo, chukua gambuti."

Nilikuwa mtu mzima, mjane, na nilikuwa nimechambua pamba miaka mingi mpaka kazi ile ilipokwisha. Kiwanda hiki kipya kilikuwa pembeni mwa mji wa Kasese, na malighafi yake ilikuwa maganda ya machungwa na ya pasheni waliyoyatupa wakamuaji wa juisi. Majirani walinicheka. "Masika, umeajiriwa kulisha mbuzi?"

Niwaeleze vijana kazi yenyewe ilivyokuwa. Ganda la tunda, ukiliondolea sukari, uchungu na rangi, hubakiza nyuzi ambazo wataalamu huziita selulosi. Ndani ya nyuzi hizo mna vijitundu kama vya sponji, vidogo hata jicho haliwezi kuviona. Ukizisafisha bila kuviharibu, unapata unga mweupe usio na ladha, unaokunywa maji na kuyashika. Watengenezaji wa sosi ya nyanya huutia ili maji yasijitenge ndani ya chupa. Wa soseji huutia, na wa maziwa mgando pia. Huenda mmeula leo.

Tulikata maganda, tukayaosha kwa maji moto, tukayakamua kwa mashine, kisha tukaanza tena. Afande alichota maji ya mwisho kwa glasi, akayainua kwenye mwanga. Yakiwa na ukungu hata kidogo, sauti yake ilifika barabarani: "Mwaga! Jaza ingine!" Hakumtukana mtu, lakini amri hakuirudia.

Baadaye nikahamishiwa chumba cha kukaushia, chini ya Mkemia, binti wa Kampala aliyekuwa mpole na asiyependa haraka. Kwake nilijifunza kwamba nyuzi zilizolowa, ukizianika tu juani, hujikunja na kushikana. Vijitundu hufunga, ukabaki na kitu kama unga wa mbao, hata ukikiloweka hakivimbi. Kwa hiyo tuliziosha kwanza kwa spiriti, ambayo hufukuza maji na kukaa mahali pake. Kisha tuliitoa spiriti kwa hewa ya vuguvugu mpaka isibaki hata harufu.

"Usiharakishe, Mama Masika," aliniambia. "Nyuzi zikishafunga, zimefunga."

Kisha kiwanda kikafungua kituo Bwera, kwa kuwa pasheni nyingi huteremka kutoka milima ya huko, na nyingine huvuka mpaka kutoka Kongo. Maganda mabichi huchacha upesi. Ilibidi yaoshwe na kukamuliwa palepale kabla ya lori kuyapeleka Kasese. Afande akawa mkuu wa kituo, mimi msaidizi wake. Asubuhi wanawake wa Kongo walifika na magunia. "Mama, maganda iko mingi leo," walinionya. "Na batu bengine beko nyuma, banakuja." Afande aliwapanga foleni kama makuruta, nao walimcheka, na foleni ikanyooka.

Alikuwa mtu wa Teso. Mkewe, Mama Apio, alibaki huko akitunza shamba. Anasa yake ilikuwa moja tu, chai ya rangi yenye sukari nyingi, ambayo hakumwachia mtu mwingine aipike.

Asubuhi moja, akiwa kwenye mizani, aliniita, na jina langu likatoka limevunjika. Nilipogeuka, upande mmoja wa mdomo wake ulikuwa umeshuka na mkono unaning'inia kama si wake. Tulimpakia kwenye pikapu ya kituo, tukamkimbiza hospitali. Kilikuwa kiharusi.

Aliporudi chumbani kwake nyuma ya kituo, Mama Apio alikuwa ameshafika. Miguu ilianza kupata nguvu, maneno nayo kidogo kidogo. Koo ndilo lililokataa. Kila alipokunywa maji alipaliwa, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, na mara moja homa ya kifua ikamrudisha wodini. Nesi alitueleza: "Maji mepesi yanakimbia kuliko koo lake, yanaingia kwenye mapafu. Kwa sasa mpeni vitu vizito tu."

Basi akawa mtu wa uji mzito na matoke ya kuponda. Kulala ndani alikataa. Mchana alikaa kitini kando ya matangi, akitusimamia kwa macho. Maji yalitiririka mbele yake kutwa, na yeye haruhusiwi hata funda moja. Siku moja alininyooshea kidole bomba.

"Mama. Kidogo tu."

"Afande, nesi amekataa."

"Mimi... naamuru."

Nilikwenda nyuma ya magunia nikalia, kwa sababu maishani mwangu sikuwahi kumnyima mtu maji.

Hapo ndipo nilipoufikiria unga wetu. Nilimwendea nesi kwanza. Akasema hospitali kubwa zina unga wa kufanya vinywaji vya wagonjwa wa namna hiyo viwe vizito, ila yeye hakuwa nao.

"Huo wako ni chakula?"

"Ni chakula. Unaingia kwenye sosi."

"Basi asiunywe mpaka nije niuone unavyoganda."

Nilipoujaribu jikoni, kwa pakiti niliyokuwa nimetoka nayo Kasese, chai ilijaa mabonge, makavu ndani, telezi nje. Hayo yangemkaba kuliko maji. Nikampigia simu Mkemia.

"Uliutia peke yake?" akauliza. "Uchanganye kwanza na sukari, vyote vikiwa vikavu. Chembe za sukari zitautenganisha. Halafu mimina chai polepole huku unapiga kwa uma, kisha uache uvimbe." Lori lililofuata lilileta pakiti aliyoichekecha mwenyewe, laini kama poda.

Nesi alikuja. Aliinamisha kijiko, chai ikateremka pole kama asali. Alimketisha Afande wima, akamwinamisha kidevu, akampa kijiko cha kwanza. Tulingoja kikohozi. Mama Apio alikuwa ameuziba mdomo wake kwa kitambaa. Kikohozi hakikuja. Cha pili, cha tatu.

Afande akanitazama. "Sukari," alisema, "haitoshi."

Mama Apio alitoka nje, nikamsikia akicheka na kulia kwa pamoja.

Maji matupu nayo tuliyafanya hivyo hivyo. Aliyaonja, akakunja uso. "Hii si maji." Alisema kweli. Lakini aliyamaliza, na mapafu yake hayakupata homa tena.

Mwaka uliofuata alikuwa na sauti ya kutosha kutuagiza tumwage tangi. Kisha wakarudi Teso, na unga ulipokwisha nilimtumia mwingine kwa basi. Siku Mama Apio aliponipigia, nilijua kabla hajasema. "Amelala tu, dada," alisema. "Hakukohoa."

Niliacha kazi magoti yalipochoka na sakafu ya saruji. Vijana hunijia wakiuliza mashine zilivyo, spiriti ni kiasi gani, bei ikoje. Nawajibu. Hayo yanafundishika. Mimi mwenyewe niliosha maganda miaka mingi nikifikiri natengeneza kitu cha gunia na lori. Sikuwahi kuwaza koo litakalokimeza.

Juzi mwanamke wa mtaa wa pili alifika akiwa na wasiwasi. Baba yake ameugua kiharusi, kila anywapo hupaliwa. Amesikia niliwahi kumsaidia mtu. Nilimwambia mimi si daktari, na kwamba kabla ya chochote aende kwa nesi, akamweleze yote.

Aliniambia, "Wasingya," asante ya kwetu, akageuka kuondoka. Nilimwona anavyotembea, mtu asiyejua ataanzia wapi kueleza. Nikachukua fimbo yangu, nikamwita anisubiri.