Hereni ya Shangazi Mgodini

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hunirudia kila ninapoulizwa swali jepesi. Haikuwa siku ya msiba wala ya ushindi. Ilikuwa siku ya matembezi tu, ya kofia na chupa za maji na karanga za kutafuna njiani, siku ambayo shangazi yangu alidondosha hereni ndani ya mgodi wa almasi. Nakuandikia habari zake kwa sababu umeniambia kwamba wiki ijayo utakaa mbele ya watu wa kukuuliza maswali, na kwamba usingizi umekupaa. Wakati ule wa kwangu nami sikuwa nikilala. Basi keti, tutafika polepole.

Nilikuwa nikisoma shahada ya pili. Nilikuwa nimechunguza maji ya visima vya mitaa yetu ya Temeke, kule nilikokulia, nikitaka kujua kwa nini visima vingine hugeuka kuwa vya chumvi na vingine hubaki vitamu. Shangazi Mwajuma, aliyenilea tangu mama yangu alipofariki, alikuwa akisema kwamba yeye huijua tofauti hiyo kwa kuonja chai ya asubuhi, wala hakuna chuo kilichomwomba ada. Nilicheka aliposema hivyo, kisha nikakaa siku nzima nikijiuliza kama chai inaweza kuhesabiwa kuwa kipimo.

Siku ya kuitetea tasnifu yangu, profesa mmoja, mpole kabisa, aliniuliza nimeona nini. Hilo tu. Nikaanza kueleza mipaka ya vipimo vyangu. Nikaeleza vipimo ambavyo sikuvifanya, na sababu za kutovifanya, na mashaka niliyokuwa nayo juu ya sababu zenyewe. Kisha, katikati ya sentensi, sauti ikaniishia. Wakanipa maji ya kunywa. Wakanitazama kwa huruma, jambo ambalo ni baya kuliko kutazamwa kwa hasira, wakaniambia nirudi baada ya muda nijaribu tena.

Nilitoka pale nikiwa nimeamua kutorudi. Swali lile lilinifuata hata nyumbani, hata nilipokuwa nikikuna nazi. Sikumwambia mtu. Nilipanga kumwambia Shangazi tukiwa safarini Shinyanga, kwa kuwa niliamini mtu hawezi kukasirika sana akiwa bado ana hina ya harusi mikononi.

Harusi yenyewe ilikuwa ya Rajabu, mwanawe Shangazi, aliyekuwa akimwoa binti wa Kisukuma. Tulisafiri kutoka Dar es Salaam kumsindikiza, tukala, tukacheza, na siku iliyofuata wakwe wakatupa zawadi ambayo hatukuitegemea: kosta, chakula cha mchana, na mtu wa kututembeza katika mgodi wa zamani wa almasi ulio nje ya mji, na sehemu nyingine za kuvutia zilizo jirani. Tulikuwa watu kumi na kitu. Sikuhesabu, na mpaka leo jambo hilo linanikera kidogo.

Aliyetutembeza aliitwa Bwana Maduhu, baba mdogo wa bibi harusi, mrefu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe walio mbali. Hapa lazima nikueleze kitu, maana wewe umekulia Tabata kati ya majirani wa kila kabila, na huenda utani umeusikia tu bila kuuonja. Sisi Wazaramo na Wasukuma ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani. Mtani ana haki ya kukucheka, kukusingizia, hata kukunyang'anya kofia, nawe huna haki ya kununa. Unayo haki moja, nayo ni kujibu.

Kwa hiyo Bwana Maduhu alisimama mlangoni pa kosta, akatusalimia kwa Kisukuma, akauliza mashamba yetu tumemwachia nani, au tumeshayauza tukakodi ngoma. Shangazi akamjibu kwamba tumewaachia wao walime, kwa kuwa uwanjani jana aliwaona, kucheza hawawezi, wanakanyagana. Kosta nzima ikacheka. Mimi nilikuwa nimekaa dirishani nikipanga sentensi ya kumwambia Shangazi, nikiifuta, nikiipanga upya.

Kwenye lango la mgodi tulivikwa kofia ngumu na kupewa sharti moja, ambalo Bwana Maduhu alilitangaza kana kwamba amelitunga yeye.

"Humu ndani hakuna kuinama. Ukidondosha kitu, hata kama ni chako, hata kama ni jino lako, simama wima, nyoosha mkono, mlinzi aje."

Shangazi akauliza, je, yule mwali wao tuliyemchukua jana, anayepiga magoti kila akisalimia, huwa wanamfanyaje. Bwana Maduhu akajibu kwamba ndiyo maana wamemkabidhi kwetu.

Mgodi wenyewe, mwanangu, sijui nikueleze vipi bila kukosea. Ni shimo, lakini neno hilo ni dogo. Ni bakuli kubwa lililochongwa ngazi kwa ngazi, na malori yaliyo chini yake yanaonekana kama vitu vya mtoto vilivyosahauliwa mchangani. Bwana Maduhu alitueleza jinsi almasi zilivyopikwa chini sana ardhini, zikapandishwa na mlipuko wa kale, zikabaki zimelala ndani ya mwamba wa kijivu. Tukaoneshwa mitambo ya zamani iliyopumzishwa, yenye kutu nzuri ya rangi ya mdalasini, na jengo ambamo mawe yalikuwa yakichambuliwa kwa mikono. Watu walikuwa na furaha. Hata mimi, kwa muda, nilisahau swali lile la chuoni.

Tulikuwa tumesimama ukingoni, nyuma ya uzio, Shangazi akigeuka huku na huku apigwe picha, ndipo ushungi wake uliponasa hereni ya kushoto na kuitupa chini. Zilikuwa hereni za vioo, kubwa, za kumetameta, alizozinunua Tandika kwa ajili ya harusi. Ikaanguka kwenye kokoto na kuanza kung'aa juani kama iliyoitwa kwa jina. Wote tukaiona. Wote tukasimama wima. Mjomba mmoja ambaye kamba ya kiatu chake ilikuwa imefunguka akanyoosha mkono kwa tahadhari, ingawa hakuwa amedondosha chochote.

Mlinzi akaja. Alikuwa mama wa makamo mwenye sare iliyopigwa pasi vizuri, na usoni alikuwa na tabasamu lililofichwa nusu. Akaitazama ile hereni, akamuuliza Shangazi kama ni yake. Kabla Shangazi hajafungua kinywa, Bwana Maduhu akaiona nafasi ya utani akairukia. Akamwambia mlinzi asimwamini Mzaramo anayejishuhudia mwenyewe. Kati yetu yupo msomi wa mawe na maji, aulizwe huyo.

Wakanigeukia wote. Nikayaona macho, mwanangu, na kwangu yakawa ni yale yale ya chuoni.

"Haya, dada," mlinzi akaniambia. "Sema wewe. Hii ni hereni ya mama?"

Nikajibu. Namkumbuka mtu yule aliyejibu, ninaweza kukuigizia sauti yake. Nilisema, "Kwa kutazama kwa macho pekee, haiwezekani kutofautisha kioo na almasi kwa uhakika. Ingebidi jiwe lipimwe."

Tabasamu la mlinzi likaondoka taratibu. Nilikuwa nimeiita hereni "jiwe", na jiwe lisilojulikana, ndani ya mgodi wa almasi, si jambo la kuchekea. Akachukua redio yake ya mkononi akaanza kumwita mkubwa wake. Bwana Maduhu, ambaye alikuwa ameanzisha mchezo, sasa naye akatazama viatu vyake. Hata hivyo hakuweza kujizuia, akanong'ona kwamba Wazaramo tumepatikana, shahidi wetu mwenyewe ametufunga. Rajabu akaniangalia kana kwamba ninamharibia ndoa yenye umri wa siku moja. Nami, badala ya kunyamaza, nikaanza kueleza ugumu wa mawe na namna mwanga unavyopinda.

Shangazi hakupaza sauti. Alinishika kiwiko.

"Mwanangu, huyu mama kauliza hereni ya nani. Hajauliza Mungu kaumbaje mawe. Hebu niangalie mie."

Nikamwangalia. Katika sikio lake la kulia ilining'inia nyingine, pacha wa ile iliyo chini, ikimetameta mbele ya kila mtu. Ilikuwepo pale muda wote. Nilikuwa nimekodolea macho kokoto, nikilitafuta jibu ndani ya kioo, wakati jibu lilikuwa limevaliwa.

"Ni ya shangazi yangu," nikasema. "Nyingine iko sikioni mwake."

Maneno manane tu. Mlinzi akamtazama Shangazi, ambaye aligeuza shingo kwa madaha kama mwali, naye mlinzi akasema kwenye redio, "Achana nayo, ni hereni." Tukapiga makofi. Aliiokota kwa kibano, na tulipokuwa tukitoka langoni, baada ya sote kukaguliwa, akaikabidhi. Bwana Maduhu akaidaka kabla haijafika mkononi mwa Shangazi, akatangaza kwamba imeshikwa kwa haki ya utani mpaka atakapokuja Temeke kulishwa wali wa nazi na samaki wa kupaka. Shangazi akamwambia aje na mkewe, asije akala chungu kizima peke yake.

Mchana tulitembezwa kwenye bwawa lenye ndege weupe, kisha kwenye miamba mikubwa iliyobebana, jiwe juu ya jiwe, kama mizigo ya mtu asiye na haraka. Tulikaa kwenye kivuli cha mwamba mmoja tukatafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na ni hapo, Shangazi akiwa na hereni moja, nilipomwambia. Nilimweleza yote: profesa, sauti kuniishia, uamuzi wa kutorudi. Sentensi niliyoipanga tangu Dar sikuitumia.

Alitafuna kwanza mpaka akamaliza.

"Walikuuliza nini hasa?"

"Nimeona nini."

"Na uliona?"

"Niliona, Shangazi."

"Haya, uliona nini?"

Nikamwambia kwamba visima vinavyovutwa sana wakati wa kiangazi ndivyo vinavyoingiwa na chumvi, na vikipumzishwa, mvua ikinyesha, chumvi hupungua. Nilipomaliza nilishtuka kwamba nimemaliza.

"Mbona mie nimeelewa," akasema. "Na hayo mashaka yako?"

"Yapo. Mengine ni ya kweli."

"Basi yasubiri. Watayauliza, utawapa. Kwanza waoneshe sikio."

Nilirudi chuoni. Profesa yule yule, kwa upole ule ule, akaniuliza swali lile lile. Niligusa sikio langu, naamini walidhani linaniwasha, nikamjibu kama nilivyomjibu Shangazi pale mwambani. Kisha wakaniuliza juu ya mashaka, nikayaeleza kwa raha na kwa urefu mpaka mmoja wao akaomba nipumzike. Walinipitisha, pamoja na marekebisho mengi, ambayo yote yalikuwa ya haki isipokuwa moja ninaloendelea kulifikiria. Bwana Maduhu naye alikuja Temeke, hereni akiwa ameibandika kwenye kofia, akala kama tulivyotabiri.

Sikugeuka kuwa mtu mwingine, mwanangu, wala wewe usijitese ukitaka kugeuka. Hata leo mtu akiniuliza kama chai ina sukari, huwa najiuliza ni sukari kiasi gani anachokiita sukari. Mashaka si ugonjwa. Mtu mwangalifu anayahitaji, na mtu asiyekuwa nayo kabisa mimi humwogopa. Ninachokuusia ni mpangilio. Swali lina mwenyewe, na mwenyewe huyo amekaa mbele yako. Msikilize ameuliza nini, si ungependa aulize nini, wala si kile unachoogopa kwamba ameuliza. Mpe kwanza unachokijua, kwa ufupi, hata kama unakiona kidogo. Kama hukijui, sema hujui, hilo nalo ni jibu, na watu wazima huliheshimu. Mashaka yako yafuate nyuma, yaitwe yakihitajika. Usiyatangulize mlangoni yakauzuia ukweli kuingia.

Na watakapokutazama wote kwa pamoja wiki ijayo, ukahisi sauti inataka kukuacha, usiangalie kokoto. Inua macho. Mara nyingi jibu lako limening'inia mahali unapoliona, limekusubiri tu ulitaje.

Shangazi Mwajuma anakusalimu, na hereni zote mbili anazo. Nami nakuombea kwa Mola akupe wanaouliza kwa wema, akulindie sauti yako pale utakapoihitaji, akakuingize chumba kile na kukutoa ukiwa umesimama wima, bila kuinama.