Siku ya Kemunto Wawili

Hebu ninyi mliokunywa maziwa ya pakiti za pembetatu shuleni, mkaanika betri za redio juani ili zipate nguvu ya kumalizia taarifa ya habari, niambieni ukweli: nani kati yenu alikuwa na siku ya kuzaliwa? Kuzaliwa tulizaliwa wote, hilo silibishi. Nasema siku, yenye tarehe, ambayo mtu akiamka asubuhi anaambiwa leo ni yako. Kwetu Nyamache ukimwuliza mama ulizaliwa lini, anakwambia ni wakati wa palizi, wiki ile daraja lilipochukuliwa na maji. Darasani mwetu alikuwako mvulana anaitwa Ongeri, ambaye kwao walikumbuka tu kwamba ilikuwa siku ya soko na ndizi hazikupata wanunuzi. Mwalimu alimtafutia tarehe yeye mwenyewe. Akampa siku ya kufunga shule, ili awe anafurahi kila mwaka.

Mimi tarehe nilikuwa nayo. Na hiyo ndiyo iliyokuwa shida yangu.

Siku niliyozaliwa ndiyo siku aliyofariki nyanya yangu mzaa baba. Yeye alikata roho alfajiri, mimi nikaja alasiri. Kwetu mtoto hupewa jina la aliyetangulia, kwa hiyo hapakuwa na mjadala: yeye alikuwa Kemunto, na mimi nikawa Kemunto. Babu, ambaye sote tulimwita Sokoro kama babu wanavyoitwa Kisii nzima, hakunitamkia jina hilo hata mara moja. Aliniita omong'ina, jina ambalo mwanamume humwita mke aliyezeeka naye. Nina miaka mitano, kamasi puani, nasikia, "Omong'ina, niletee kile kiti changu." Wenzangu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nami nilikipeleka kiti huku nimenuna, maana sikutaka kuolewa na mzee anayenusa tumbako.

Kila Januari kalenda mpya ilipotundikwa ukutani, Sokoro alichukua kalamu, akaitafuta tarehe ile, akaitia msalaba. Ikifika, shangazi zangu walikuja kutoka Nyaramba na Kenyenya walikoolewa, mchungaji akaja na koti lake jeusi, tukaketi kando ya kaburi karibu na migomba. Tuliimba, tukaomba, shangazi mkubwa akalia, na baada ya hapo tukanywa chai na ndizi za kuchemsha. Mimi nilikaa mbele kwa sababu ya jina langu. Watu walinishika kichwa wakisema, "Huyu ndiye Kemunto," wakapangusa macho. Hakuna aliyesema kwamba na mimi leo nimetimiza miaka sita, au saba, au minane. Ungekuwa wewe ungeanzaje kuuliza, mbele ya watu wanaolia?

Siku nyingine zote zilikuwa za raha, jamani. Tuliamka na umande, tukachuma majani chai kabla ya shule, vidole vikawa vyeusi hadi kwenye kucha, na mwalimu akatuchapa kwa uchafu huo huo uliokuwa ukilipa karo yetu. Mchana tulicheza mchezo wa kati kwa mpira wa makaratasi, tukaruka blada, tukapika ugali wa udongo kwenye kalongolongo. Jioni mama alichemsha chinsaga, ile mboga yetu chungu, kwa maziwa mpaka ule uchungu ukalainika, tukaila na ugali wa wimbi mweusi unaokaa tumboni hadi kesho yake. Watoto wa siku hizi ukiwapa chinsaga wanakuuliza kama kuna chipsi.

Sasa, darasa la tano, akaja Akinyi. Baba yake alitoka kule kando ya ziwa, akafungua duka la spea za baiskeli sokoni Nyamache, na Akinyi akaketishwa dawati moja nami. Haikupita miezi miwili akanialika kwao: "Kuja Jumamosi, ni bathdei yangu." Mama yake alikuwa ameoka keki kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Harufu yake niliisikia kutoka barabarani. Lakini msidhani keki ndiyo iliyoniua. Tulipomaliza kula, ndugu zake wakatoka nyuma ya nyumba na ndoo, wakammwagia maji! Akinyi akapiga kelele, "Ai yawa! Nguo yangu mpya!" akakimbia huku anacheka, na mama yake akamfuata na kikombe kingine. Nikauliza kuna nini. Wakaniambia ndivyo anavyofanyiwa mtu siku yake, amwagiwe maji ili watu wajue amezaliwa.

Nilirudi nyumbani nikiwa mkavu, na wivu umenijaa. Kuanzia siku ile nilitaka kitu kimoja tu duniani. Nilitaka nimwagiwe maji. Hata kikombe kimoja.

Mwalimu wetu wa Kiswahili, Mwalimu Nyakundi, alikuwa mpenzi wa redio. Kila asubuhi mtangazaji alisoma mambo ya siku kama ya leo: fulani alizaliwa, fulani alifariki, vita fulani vilianza. Mwalimu akaamua na sisi tufanye hivyo. Tarehe yako ikifika, unasimama mbele ya gwaride unataja mtu maarufu aliyezaliwa siku hiyo, maarufu aliyefariki, na tukio kubwa. Akinyi alisaidiwa na kitabu kinene cha baba yake, akatutajia mfalme, mwanasayansi na meli iliyozama. Tulipiga makofi mpaka mikono ikawaka.

Mimi sikuwa na kitabu kinene. Nilikuwa na Sokoro. Jioni ya kuamkia siku yangu nilimkuta kibarazani akinoa jembe, nikamwambia mwalimu anataka aliyezaliwa, aliyekufa, na tukio. Akaendelea kunoa. Nikadhani hakusikia, nikarudia.

"Aliyekufa unamjua," akasema.

"Namjua, Sokoro. Tukio ndilo sina."

Akaweka jembe chini. Akaniambia kwamba siku ile, mwili wa nyanya ukiwa bado ndani na wanawake wakiomboleza uani, mbingu ilifunga ikaangusha mvua ya mawe ambayo hajaiona tena. Majani chai yote yalichanwachanwa, migomba ikabaki vijiti, na watu wakasema nyumba hii imelaaniwa. Katikati ya mawe hayo mama yangu akashikwa na uchungu. Nusu ya waombolezaji wakahamia nyumba ya pili kumzalisha. Huku wanalia, kule wanasema sukuma, na yeye amesimama mlangoni hajui aende wapi. Kisha mtoto akalia, na mkunga akatoa kichwa dirishani akaitisha maji. Ndani hapakuwa na hata tone, na mtoni hakuna wa kwenda.

"Basi nikachukua jagi," akasema Sokoro. "Nikaokota mawe ya mvua pale uani, kwa mikono hii. Nikayaweka motoni yakayeyuka. Ndiyo maji uliyoogeshwa nayo, omong'ina. Ya kwanza kabisa."

Miaka kumi nilikuwa nikiisikia habari ya siku ile, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kusikia kwamba na mimi nilikuwamo. Nikapata ujasiri nisiojua umetoka wapi, nikamwambia habari za Akinyi, keki, ndoo, na maji. Nikamwambia kwamba mimi sijawahi kumwagiwa. Akaniangalia, akachukua jembe lake, akanoa. Nikajuta kusema.

Asubuhi nikasimama mbele ya gwaride. "Siku kama ya leo alizaliwa Kemunto. Siku kama ya leo alifariki Kemunto. Siku kama ya leo mvua ya mawe ilinyesha kwetu."

Shule nzima ikapasuka kwa kicheko. Ongeri akauliza kama nilizaliwa nikafa kabla ya chai ya saa nne. Mwalimu Nyakundi akapiga mlingoti wa bendera kwa fimbo, akaniuliza, "Na katika hao Kemunto, maarufu ni yupi?"

"Nyanya yangu, mwalimu. Kila mwaka watu hutoka mbali kumlilia."

Hakucheka. Akaniambia niende mahali pangu, na sauti yake ilikuwa ya upole kuliko siku zote.

Wakati wa mapumziko nilimwona Akinyi akinijia na kikombe cha maji, anatabasamu hadi masikioni. Nikafumba macho. Kisha nikasikia msichana wa jirani yetu akimwambia, "We Akinyi, wacha! Usimmwagie, kwao leo ni matanga." Nilipofumbua macho Akinyi alikuwa amemwaga maji kwenye nyasi, ananiambia pole. Aliniambia pole siku yangu ya kuzaliwa! Nililia nyuma ya choo cha wasichana mpaka kengele ikalia.

Saa tisa tulikuwa kaburini kama kawaida. Nilikaa mbele na yunifomu yangu. Shangazi mkubwa alilia, mchungaji akaomba ombi refu lililopita kila tawi la ukoo, akasema amina. Watu wakaanza kuinuka kwenda kwenye chai. Sokoro alikuwa ameondoka mapema kidogo, nikadhani ameenda kunawa. Akarudi kwa mwendo wake wa taratibu, ameshika jagi la bati lililobonyea ubavuni. Akaja akasimama nyuma yangu, akanimwagia maji kichwani. Yote! Yalikuwa ya kisimani, baridi ya kuuma meno. Yalishuka mgongoni yakaingia hadi kwenye soksi.

"Obe!" akapiga kelele shangazi. "Baba, umefanya nini? Mbele ya mama?"

Sokoro akaligeuza jagi kuhakikisha limeisha. "Nimelia miaka kumi," akasema. "Na huyu naye amengoja miaka kumi. Leo ni siku yake pia."

Nikasikia maji yakidondoka kutoka kwenye nywele zangu. Kisha mama yangu akacheka. Alijaribu kukizuia kicheko kwa leso, kikamshinda. Ndugu zangu hawakungoja ruhusa, wakakimbilia pipa, na mchungaji akapata mgawo wake kwenye koti jeusi. Hata shangazi mkubwa alinifuata na kikombe, bado ana machozi mashavuni, akanimwagia shingoni akisema, "Haya, na hii ni yangu!" Sijawahi kuwa na furaha kama ile, na nimeolewa, nimejifungua watoto watatu, nimefanya kazi katika ofisi yenye zulia.

Januari iliyofuata Sokoro alitia msalaba wake kwenye kalenda, halafu pembeni akachora kitu. Nikamwuliza ni nini. Akasema, "Huoni? Ni jagi." Aliendelea kulichora kila mwaka, mpaka alipofariki katika mwezi mwingine kabisa, siku ya kawaida isiyo na jambo.

Siku hizi tarehe hiyo simu yangu huanza kulia kabla sijatoka kitandani. Benki inanipongeza, duka la viatu linanipongeza. Wajukuu wa Sokoro, walio Nairobi na ng'ambo, wanaandika kwenye kikundi cha familia, "HBD na RIP," ujumbe mmoja kazi mbili, na picha ya keki karibu na picha ya mshumaa. Siwalaumu, kila mtu na mbio zake. Lakini kaburini sasa hatufiki watano. Mwaka huu tulifika wawili, mimi na binti yangu Moraa wa miaka kumi na minne, na yeye alikuja kwa sababu nilimfungia intaneti ya nyumbani.

Njiani aliiuliza simu yake nini kilitokea siku kama ya leo. Ikamtajia wafalme, ndege zilizoanguka, wanamuziki. "Mum, hakuna kitu ya maana," akasema. Nikamwambia yaliyotokea, yote, tangu alfajiri mpaka alasiri. Akasikiliza. Hata ile simu aliigeuza uso chini.

Tulifagia makaburi, sasa ni mawili, tukaomba. Jagi nilikuwa nimelitoa jikoni kwa mama, ambaye sasa miguu haimfikishi kaburini, limebonyea pale pale. Nikalijaza kisimani, nikampa Moraa, nikavua kilemba, nikainama.

"Zii, Mum! Na hiyo blauzi?"

"Mwaga."

Akamwaga kidogo, kwa adabu, kama anayenyweshea mche. Nikamwambia babu yake mkuu hakubakisha hata tone. Akacheka, akamwaga yote. Wee! Baridi ilikuwa ile ile. Nilisimama pale mama mzima natiririka, tukacheka wawili, na nikawakumbuka wale wengine wote waliokuwa wakikimbilia pipa.

Alipokuwa akinisaidia kukamua nywele, Moraa akaniuliza, "Na wewe ukiwa hauko, Mum, hii siku itakuwa ya nani?"

Nilimwambia abebe jagi, tunaenda nalo nyumbani, na ole wake nimkute amelitilia juisi.