Mama Alivyoziamkia Ndevu

Mtu akikwambia ndevu hazina kazi, mwambie akae nazo wiki moja tu, halafu aje tuzungumze. Sharafa alikaa nazo miaka kumi na moja. Hilo Sharafa si jina alilopewa na wazazi. Alilipata mtaani, kwa sababu ndevu zake zilianzia chini ya sikio la kulia, zikazunguka kidevu chote, zikapanda hadi sikio la kushoto bila kuacha hata upenyo wa nzi kutua. Alikuwa kinyozi, miaka arobaini na mitatu, na mvi zake zote zilikuwa ndevuni. Kichwani hakuwa nayo hata moja.

Aliingia bafuni kila siku saa kumi na mbili kasorobo, na mkewe, mwalimu wa shule ya msingi, alianza kugonga mlango nusu saa baadaye.

"Baba, na sisi wengine tuna nyuso!"

Sharafa hakuharakishwa. Kwanza alizilowesha kwa maji ya uvuguvugu, maana maji ya moto hukausha ngozi, na ngozi iliyokauka chini ya ndevu huwasha mpaka mtu mzima akajikuna mbele za watu. Sabuni ya kuogea hakuitaka karibu. Alitumia shampuu mara mbili kwa wiki, siku nyingine maji matupu. Taulo hakusugua, alikandamiza tu. Kisha matone manne ya mafuta ya nyonyo, ayapashe viganjani, ayaingize kwa ncha za vidole hadi kwenye ngozi yenyewe. Kuna watu wanapaka mafuta juu juu wakadhani wametunza ndevu. Hao tuwaache. Mwisho chanuo la mti lenye meno mapana, kwanza kutoka chini kwenda juu, zisimame zote kwa fujo, halafu kutoka juu kwenda chini, zilale.

Masharubu yalikuwa na mkasi wake. Siku mke alipoutumia kukatia uzi wa sketi, walinuniana siku mbili. Aliyakata yakiwa makavu, kwa sababu nywele ikiloa hurefuka, ukiikata hapo, ikija kukauka unajikuta umebaki na nyusi juu ya mdomo. Sheria ilikuwa moja: sharubu lisionje chai kabla ya mwenyewe.

Watu walimcheka, na bado walimpelekea nyuso zao. Chumba chake cha kazi kilikuwa na viti vitatu, kimoja kimevunjika egemeo kikawa cha kusubiria. Mashine zilining'inia kwenye misumari chini ya kioo, pembeni chupa ya spiriti na brashi ya kufutia shingo. Nje, juu ya mlango, kulikuwa na bati ambalo juu yake fundi rangi alimchora Sharafa mwenyewe, uso na ndevu, bila neno hata moja. Wateja hawakuhangaika kueleza. Walionyesha bati, wakaonyesha kidevu, wakakaa.

Mwenzake wa kiti cha pili aliitwa Goti. Alikuwa na miaka hamsini na minane na kidevu hakijawahi kuota kitu, ndiyo sababu ya jina. Hakuna aliyejua kumnyoa mtu bila kumwachia vipele kama Goti, na hakuna aliyemtania Sharafa kama yeye.

Mama yake Sharafa aliletwa kwao mwanzoni mwa mwaka. Kabla ya hapo alitunzwa na dada mkubwa miaka sita, mpaka mgongo wa dada ukakataa. Mama alikuwa na ugonjwa wa kusahau. Alianza kwa kusahau alipoweka miwani, akaja kusahau miwani ni ya nini. Alisahau kwa kurudi nyuma, ya karibuni kwanza, na hiyo miaka kumi na moja ya ndevu ikaondoka mapema sana. Asubuhi ilikuwa zamu ya Sharafa, kwa kuwa mke aliwahi shuleni na kinyozi hana mteja kabla ya saa nne. Alimwandalia mama chai na mkate, akamlisha, akamfuta mdomo, akamfunga viatu, halafu akamwachia jirani mmoja mjane aliyekuja kushinda naye.

Wiki za kwanza mama alimjua siku hii, kesho akamtilia shaka. Halafu ikaja asubuhi moja Sharafa anaingia na sinia, mama akajiweka sawa kitandani, akavuta mtandio, akainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo."

Sharafa akageuka kuona nani ameingia nyuma yake. Hakuwapo mtu.

"Mama, ni mimi."

"Shikamoo, mzee," mama akarudia, safari hii kwa sauti ya kumsaidia mtu asiyesikia vizuri.

Jamani. Kuna mambo mtu hufundishwa kabla hajajua kutembea. Shikamoo inatoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa, na mtu aliyekuzaa hawezi kuwa mdogo wako hata dunia ipinduke. Sharafa alisimama na sinia lake. Mama akamtazama, akasubiri, kisha akakisukuma kikombe pembeni.

"Mtu mzima na ndevu zako, unaamkiwa huitikii. Chakula cha mtu wa namna hiyo sili."

Na kweli hakula. Siku ya pili hivyo hivyo, alikunywa maji tu mpaka jirani alipokuja. Siku ya tatu mikono ilikuwa inamtetemeka kwa njaa, na bado aliamkia kwanza. Sharafa akaufunga mlango, ili hata kuku wa nje wasisikie, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Marahaba."

"Haya," mama akasema, akafungua mdomo.

Alimlisha huku akiona aibu ambayo hajawahi kuiona maishani, na alikuwa mtu aliyewahi kumkata mteja sikio.

Kazini hakuweza kunyamaza. Goti aliacha mashine ikiunguruma hewani.

"Mamako amekuamkia?"

"Ndiyo."

"Na wewe ukaitikia?"

"Angekufa njaa, Goti!"

"Basi umeshakuwa mkubwa wake," Goti akasema, akarudi kwenye shingo ya mteja. "Angalia tu asije akakuomba ruhusa ya kwenda kucheza."

Mteja alicheka mpaka ikabidi asubiriwe. Sharafa hakucheka.

Angeweza kuzoea kuamkiwa, mtu huzoea hata kiatu kinachobana. Kilichomkata maini kilikuja baadaye. Mama alimheshimu sana yule mzee mwenye ndevu, akawa anampigisha soga kila asubuhi. Alimuuliza watu wa kwake hawajambo. Akamwambia habari zake.

"Mimi nina kijana wangu, kitinda mimba. Kidevu chake safi, hana hata unywele. Aliondoka hapa, hajarudi." Akamshika mkono. "Wewe ni mtu wa kutembea, unaonana na wengi. Ukimwona mwambie mama anamngoja."

"Nitamwambia."

Kesho yake, kabla ya tonge la kwanza: "Umemwona?"

"Bado."

"Umeuliza vizuri?"

"Naulizia, mama."

Ikawa ndiyo kazi yake, kila siku kuulizwa, kila siku kujibu bado. Mama alikaa dirishani mchana kutwa, jirani alisema, akiangalia kila kijana anayepita. Sharafa alijaribu njia zote ambazo hazikuhusu wembe. Alileta picha ya zamani, yeye na miaka thelathini, kidevu wazi, akaiweka karibu na shavu lake. "Ndiye huyu!" mama akapiga makofi. "Umeipata wapi? Kumbe unamjua!" Akaitwaa picha, akaiweka chini ya mto, na kuanzia hapo akawa anamhoji kwa ukali zaidi. Akapunguza ndevu nusu. Mama akamwambia, "Umependeza, mzee. Una sherehe?"

"Zinyoe," mke akasema jioni hiyo, huku anasahihisha madaftari.

"Ninyoe nini?"

"Baba, unajua nini."

Sharafa alishika tama. Alieleza mambo ya bati, mambo ya wateja, akaeleza kwamba kinyozi wa ndevu asiye na ndevu ni sawa na fundi nguo anayetembea uchi, na Goti yeye ana sababu ya kimaumbile. Mke akasahihisha daftari zima bila kuinua kichwa. Kisha akamwangalia.

"Leo mama ametoka nje, amemsimamisha mtoto wa watu barabarani. Amemwita mwanangu. Kijana amekimbia."

Jumapili asubuhi, Sharafa alimgongea Goti nyumbani kwake, wakaenda wakafungua chumba wawili tu. Akakaa kwenye kiti chake mwenyewe, ambacho hajawahi kukikalia kama mteja.

"Zote," akasema.

Goti alikuwa na miaka kumi na moja ya utani ulioandaliwa kwa siku kama hiyo. Hakutoa hata mmoja. Alimfunga shuka shingoni.

"Una hakika?"

"Nyoa kabla sijapata akili."

Kwanza mkasi, vishada vikubwa vikubwa. Halafu mashine, kutoka shavuni kwenda chini, namba tatu, namba moja, kisha bila kipande cha kukinga. Taulo la moto dakika tatu. Povu. Goti akavunja wembe mpya katikati, akatia nusu kwenye mpini, akavuta ngozi kwa kidole gumba, akafuata nywele zinakoelekea, si kuzipinga, na kwenye koromeo akamwambia ameze mate abaki hapo hapo. Masharubu aliyaacha mwisho, labda mtu abadili mawazo. Sharafa hakubadili. Alipofungua macho akakuta kidevu kidogo kuliko alivyokiacha, cheupe, na kishimo pembeni ambacho hakukikumbuka.

"Kumbe upo," Goti akasema taratibu. Akachukua ufagio mwenyewe, akawa anafagia huku amempa mgongo.

Njiani watu watatu wanaomsalimia kila siku walimpita. Mke alifungua mlango, akamtazama kwa adabu zote.

"Karibu. Mwenye nyumba ametoka kidogo." Halafu akaweka mkono mdomoni. Hakusema kitu kingine, akaenda kumimina chai, na sinia alilibeba Sharafa.

Mama alikuwa dirishani. Sharafa alisimama mlangoni na sinia.

"Shikamoo, mama."

Mama aligeuka. Akamtazama kidevu, akapanda hadi machoni, akashuka tena kidevuni.

"Marahaba," akasema. Kisha, kwa hasira: "Wewe mtoto! Ulikuwa wapi?"

Sharafa alijikaza, akashindwa. Akalia waziwazi, mwanaume mzima, chai inamwagika kwenye mkate. Furaha ilimzidi nguvu.

"Usinililie hapa. Miezi yote hii hujakanyaga. Unajua nani alikuwa ananilisha? Mtu baki! Mzee wa watu na ndevu zake, hatuna hata undugu. Ananifuta mdomo, ananikata kucha, ananifunga viatu. Hajanifokea hata siku moja. Na mimi kila akija namtuma kama tarishi, nitafutie mwanangu, nitafutie mwanangu."

"Alinitafuta, mama."

"Akakupata wapi?"

"Kwa kinyozi."

"Ndiyo maana umenyolewa vizuri," mama akasema, akapitisha kiganja shavuni kwake, akakiacha hapo. "Umemshukuru?"

"Bado."

"Hukumshukuru? Nimekulea hivyo mimi?" Akaanza kujiinua kwenye kiti. "Kamwite. Nimwambie mwenyewe. Sijamwambia asante hata mara moja, nilikuwa namwonea haya."

Sharafa akamwangalia mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni. Mkewe akaangalia dari.

"Amesafiri, mama."

"Atarudi lini?"

Hapo angeweza kusema kesho, na kesho mama angekuwa ameshasahau. Lakini kwa habari ya nywele Sharafa hakuwahi kumdanganya mtu. Ndevu huota nusu inchi kwa mwezi, pengine kasoro kidogo. Akapiga hesabu.

"Baada ya miezi minne. Mitano, akitaka kurudi kama alivyokuwa."

Mama aliketi tena. Akatazama mikono yake, kidole kimoja kimoja.

"Mitano nitakuwa nimeshasahau," akasema, bila huzuni, kama anayesema kesho kutanyesha. "Utamwambia wewe. Mwambie mama alisema asante."

"Nitamwambia."

"Sema nisikie utakavyosema."

Sharafa alijifuta uso kwa mkono. Akaelekea ukutani, kwa kuwa hakujua aelekee wapi.

"Mzee, mama anakushukuru."

"Kwa sauti. Yule mtu anasikia kwa shida."

"Mzee! Mama anakushukuru sana."

"Hapo sawa," mama akasema, akafungua mdomo, na Sharafa akamega mkate upande ambao haukulowa.