Kiyoyozi Njia ya Zombo

Mume wangu hakuwa mtu wa maneno mengi, ila kwa gari lake alikuwa mwalimu. "Limepigwa na jua? Shusha vioo kwanza, joto litoke. Halafu ndiyo uwashe kiyoyozi." Tukianza kuziona nyumba za Kilosa, alikizima na kuacha feni ipulize peke yake mpaka tufike. Alisema unyevu usipokauka mle ndani, gari hunuka uvundo kama nguo zilizolazwa mbichi. Mimi nilikaa kiti cha abiria, nikimsikiliza kwa sikio moja.

Alipofariki, nilijifunza kuendesha. Kazi yangu iko Mikumi, nyumba yetu iko Mabwerebwere, Kilosa, na kila Ijumaa mchana narudi. Vumbi la njia ile halina huruma, kwa hiyo nafunga vioo na kuwasha kiyoyozi. Watu wa kijiji cha Ulaya, kilicho njiani, wananipungia mkono, midomo yao inacheza, sisikii kitu. Kuna wiki ambazo tangu niage kazini mpaka Jumatatu sitamki neno ila kumjibu muuza nyanya.

Ijumaa moja, karibu na Zombo, bibi mmoja wa kifugaji alisimama katikati ya njia na fimbo yake. Nilifunga breki, nikashusha kioo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Binti yangu yuko hospitali Kilosa, anajifungua. Nipeleke."

Alipanda mbele, na harufu ya maziwa na moshi ikapanda naye. Nikafunga kioo. Hatukwenda mbali nikamwona amejikunja ndani ya shuka zake, mikono kwapani.

"Mwanangu, humu ndani mvua inanyesha wapi?"

Nilicheka. Nilishtuka kuisikia sauti yangu.

"Ni kiyoyozi, bibi. Ngoja nikizime."

Nikazima, nikaacha feni.

"Mbona bado kinapuliza?"

"Nakausha maji yaliyobaki ndani, lisije likanuka. Mume wangu ndiye alinifundisha."

"Yuko wapi?"

"Amefariki, bibi. Mwaka wa pili sasa."

"Pole. Watoto?"

"Hatukujaliwa."

Niliposhusha vioo, vumbi likaingia, zikaingia na kengele za ng'ombe na kelele za watoto waliokuwa wakitoka shule. Kisha bibi akaniuliza, taratibu, kama anayetafuta maneno ya Kiswahili:

"Sasa nani anakuuliza kama umekula?"

Nilishika usukani kwa mikono miwili nikatazama mbele. Yeye hakurudia swali. Aliweka kiganja chake begani kwangu, kigumu kama gome, akakiacha hapo hadi tulipokaribia mjini. Tangu msiba uishe hakuna aliyekuwa amenigusa hivyo. Wakati wa msiba wenyewe walinishika wengi, nami sikusikia chochote.

Hospitalini, mwanamke wa shuka kama zake alikuwa akimngoja getini. Walisemezana haraka kwa lugha yao, wakashikana mikono, wakaingia karibu wakikimbia. Bibi hakugeuka, wala sikumlaumu. Alikuwa na mtu wa kumkimbilia. Nilisimama kando ya gari, mlango wazi, nikingoja habari ambayo hakuna aliyekuwa na sababu ya kuniletea. Mlinzi akaja.

"Una mgonjwa wako humu, mama?"

"Hapana."

"Basi sogeza gari, kuna wengine wanataka kupita."

Nikasogeza, nikaenda nyumbani.

Ijumaa zilizofuata nilipunguza mwendo nikifika Zombo. Niliwaona mabibi wengine, ng'ombe wengine. Mara moja nilisimama kabisa nikamuuliza kijana mchungaji, naye hakumjua bibi niliyemweleza. Alisema huenda wamehama na mifugo kufuata majani. Sijamwona tena. Mtoto yule atakuwa anatembea sasa, na sijui hata kama ni wa kike au wa kiume.