Servo mbili, usukani mmoja

Feni ya ofisi imeungua leo, na ile harufu ya plastiki imenirudisha utotoni, kando ya ziwa, Bukavu. Wiki nzima papa wangu na tonton, ndugu yake, wakiwa na abakosti, zile suti zao za vifungo mpaka shingoni, walikuwa wamebishana juu ya servo, kile kimotori kinachogeuza usukani wa mashua yangu ya kuchezea.

"Ya Bajapani iko solide, haivunjiki," tonton alisema.

"Ya Bajerumani inaipita," papa akajibu.

Hakuna aliyekubali kushindwa, basi wakafunga zote mbili kwenye usukani mmoja. Moja ikavuta kushoto, nyingine kulia, mpaka moshi ukatoka. Mabingwa wale wakainama, kila mmoja akanusa servo ya mwenzake iliyoungua na kutabasamu.

Nyumbani maman akaniuliza kama nilicheza vizuri.

"Bado, maman. Bakubwa bangali banacheza."