Viatu vya Kuvua Mlangoni

Katika miaka ya themanini, nilipokuwa mwanafunzi wa ualimu, chuo kilinipeleka kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi huko Muyeye. Nilikwenda na hamu kubwa, kwa kuwa shule ile ilikuwa na kitu ambacho hata chuoni kwetu hatukuwa nacho: kompyuta. Aliileta mgeni mmoja wa hoteli za ufukweni, kama zawadi. Ilikuwa ubao wa vitufe uliounganishwa na televisheni ndogo, na kila tulipoiwasha tulicheza kwanza kaseti ya programu yake, iliyolia kama paka aliyekanyagwa mkia.

Kabla ya kuondoka, mgeni yule alimwambia mwalimu mkuu kwamba vumbi ni adui wa mashine ile. Laiti angenyamaza. Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa mjini, msafi kupindukia, na neno lile lilimwingia. Akaondoa majembe na magunia katika stoo iliyopakana na ofisi yake, akatandika mkeka mpya, akaifunika televisheni kwa kitambaa cha kutarizi, kisha akaamuru kwamba hakuna kuingia na viatu.

Amri yenyewe haikunikera. Sisi huvua viatu hata kwa jirani. Kilichonikera ni jinsi alivyoitumia. Zaidi ya nusu ya darasa langu la tano walikuja shule miguu mitupu, wengi wao wakitoka mashamba ya Ganda. Hao, alisema, hawana cha kuvua. Vumbi lote la njia wamelibeba nyayoni. Basi wenye viatu wavue, wapite juu ya mkeka miguu mitupu, na wasio na viatu wachungulie dirishani.

Nilimwendea kwa adabu zote, nikamwamkia, nikaomba niwaoshe watoto miguu kwanza. Akanijibu kwamba maji ya bomba hayakuletwa kwa kazi hiyo, na kwamba mimi pale ni wa kupita tu. Nilitoka ofisini kwa hasira. Hadi leo sijausahau uso wake ulivyokuwa mtulivu.

Nilikuwa nimeliahidi darasa zima jambo moja dogo: kila mtoto ataandika jina lake kwa vitufe vile na kuliona likitokea kwenye kioo. Wenye viatu walishaona yao, wakarudi wakijigamba. Wengine walirudi dirishani kuchungulia.

Dawa aliipata msichana mmoja wa Ganda. Alikuja na viatu vikuukuu vya baba yake, vya kahawia, kimoja kimefungwa kwa kamba ya katani. Nyuma ya darasa akamvisha mwenzake. Yule akaenda akiviburura hadi mlangoni, akavivua, akaviweka sawasawa, akaingia. Mwalimu mkuu, aliyekaa akilinda mlango, hakumzuia. Nyayo zile zilikuwa na vumbi lile lile la jana, lakini alichotaka kuona ni viatu, na viatu aliviona.

Mtoto alipotoka akavivaa, akazunguka nyuma, akampa mwingine. Nilikuwa ndani, nikiwaelekeza vidole, na niliposoma jina baada ya jina nilijua kinachoendelea, nikafurahi. Msichana aliyevileta viatu alisema yeye ataingia mwisho, kwa kuwa vilikuwa vya kwao.

Zamu yake ilipofika, mwalimu mkuu alikuwa amekwisha kuitambua kamba ya katani. Alimsimamisha kizingitini.

"Viatu hivi vina miguu mingapi?"

Msichana akajibu kwamba ni vya baba yake. Mwalimu mkuu akanigeukia, sauti haikupanda hata kidogo.

"Mwalimu, hukuletwa hapa kuniharibia chombo. Darasa lako limemaliza."

Nilimwambia amebaki mmoja tu. Akaizima televisheni, akaifunika kitambaa, akafunga mlango kwa kufuli. Muhula wote uliobaki hakutufungulia tena, na nasikia mashine ile ilikufa palepale stooni bila kutumiwa tena.

Siku ile nilimrudisha msichana darasani. Sikuwa na la kumpa, nikachukua chaki nikaandika jina lake kwa herufi kubwa, ubao mzima. Akalitazama kwa heshima, kama mtu aliyekaribishwa chakula hali ameshiba.

"Ahsante, mwalimu," akasema. "Kwa chaki hata mimi naweza."