Kikapu Kilichomeza Ng'ombe

Josiah Machogu wa Mosocho alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, lakini ukimwita mhariri, uso wake uling'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu. Mwaka wa 1974 alikusanya hadithi fupi tisa za mafumbo na maajabu kutoka kwa watu wa Kisii na Nyamira, akazipiga taipu mwenyewe, akazipeleka kwa mpiga chapa mjini. Karatasi zake zote alizitunza katika kikapu alichokuwa amekinunua zamani sokoni Nyamache.

Hadithi iliyomsumbua ilikuwa ya Bochaberi, mjane wa huko huko Nyamache. Ng'ombe wanatoweka zizini. Nyayo za mtu zinaingia, hazitoki. Basi, imekwisha! Machogu akakuna kichwa. Fumbo lisilofumbuliwa, akajiambia, ni ugali usio na mboga. Bila kumuuliza mwenyewe akaongeza ukurasa mmoja: mwizi ni msusi wa vikapu mwenye vidole sita, ambaye kikapu chake kidogo humeza ng'ombe mzima mzima. Aliufurahia ukurasa ule kuliko kitabu kizima.

Kitabu kikatoka. Watoto wakakisoma shuleni, jioni wakawasimulia wazee jikoni. Mwezi haukuisha, Bochaberi akabisha hodi Mosocho.

"Mwalimu," alisema, hata kiti hakukitaka, "nani alikwambia ni Okemwa?"

"Okemwa yupi, mama?"

"Anayesuka vikapu. Mwenye vidole sita. Wale ng'ombe walikuwa wa marehemu mume wangu, na walipotea kweli. Mwizi sikumwona, ndiyo maana sikumtaja. Kwetu mtu hatajwi kwa wizi wa ng'ombe kwa kubahatisha. Wewe ulimwona?"

Machogu alikitazama kile kikapu mezani. Akaukumbuka mkono uliomkabidhi siku ile sokoni, na kidole kidogo cha sita kilichojibanza kando ya vingine. Kumbe hakutunga kitu. Aliiba.

Siku ya soko akaenda Nyamache. Okemwa alikuwa amekaa peke yake na vikapu vyake, mkono wa kulia umezama ndani ya koti, na jua linachoma. Wanawake walimzunguka kwa mbali.

"Usikiguse hicho, Abigael, kitakumeza na mimba yako!" mmoja akasema, wenzake wakaangua kicheko.

Machogu akachutama mbele ya yule mzee, akaeleza yote, akaahidi kubandika karatasi ya masahihisho katika kila nakala.

"Karatasi?" Okemwa akauliza taratibu. "Huyo aliyecheka anajua kusoma? Umenichafua kwa midomo ya watu, mwalimu. Nisafishe kwa mdomo."

Mhariri akapanda juu ya jiwe, katikati ya mikungu ya ndizi, akaanza kuisimulia upya ile hadithi kwa Ekegusii, lugha ya kwao. Watu wakasogea, nani hapendi hadithi? Alipofika kwenye nyayo zinazoingia zisitoke, akaishia hapo.

"Haya, mwizi ni nani?" mtu akapaza sauti.

"Sijui."

"Mwalimu mzima, hujui?"

"Sijui. Yule wa kitabuni nilimwongeza mimi. Vidole niliviona hapa hapa, siku niliponunua kikapu, nikavitumia kama vyangu. Mzee huyu hakuiba hata kamba ya kufungia ndama."

"Na sisi tulikuamini kwa kuwa ni kitabu!" mwanamke akamtupia. Wakamcheka mpaka jasho likamtiririka mgongoni.

Bochaberi akapenya katikati yao, akamwekea Okemwa kikapu chenye ukingo uliofumuka. "Nitengenezee hapa, mzee."

Okemwa hakuutoa mkono kwenye koti. Alikuwa anamtazama Machogu.

Mwalimu akaelewa: macho yake ndiyo yaliyoviiba vile vidole. Akageuka, akaukabili ukuta wa duka, akasimama hivyo mbele ya soko zima kama mtoto aliyepewa adhabu, shingo ikimwaka kwa aibu, mpaka aliposikia nyuma yake nyuzi za kikapu zikianza kukwaruzana.